Koti la Njano kwenye Kona ya Hesgwm

"Kaa chini, Gethin," Heledd alinong'ona, akimvuta mchumba wake mkono wa sweta. "Unaniaibisha."

Gethin hakukaa.

Chumba cha mikutano nyuma ya kanisa kilikuwa kimefurika. Makoti yalitoa harufu ya mvua na kondoo, birika kubwa la chai lilikuwa likichemka pembeni, na Mzee Idwal, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa akigonga meza kwa kijiko.

"Mwacheni aseme. Haya Gethin, unaunga mkono au unapinga?"

"Napinga. Ile kamera ya kona ya Hesgwm itolewe nyuma ya ua. Iwekwe mahali peupe, ipakwe rangi ya njano, dereva aione toka mbali."

Watu wote wakageuka kumtazama Heledd. Hakuna asiyejua kamera ile ilikuwa ya nani.

Novemba ya mwaka uliopita, mdogo wake Heledd, binti wa miaka kumi na tisa aitwaye Mared, alishuka kwenye basi pale konani kukiwa na ukungu. Gari likaja kwa kasi likampitia. Dereva, mtu wa mbali aliyekuja likizo, aliiambia mahakama kwamba hakuona kitu. Heledd hakulala. Alizunguka ofisi hadi ofisi mpaka wahusika wa barabara wakaweka kamera ya kunasa wenye mwendo kasi. Yeye ndiye aliyeomba ipakwe rangi ya kijivu na kufichwa nyuma ya ua wa miiba, ili wanaokimbia wanaswe bila kujua. Sasa wahusika walitaka neno la kijiji: ibaki imejificha, au itolewe ionekane?

Heledd akasimama, uso mwekundu.

"Wakiiona watapunguza mwendo hapo hapo tu! Wakishaipita, wanakanyaga mafuta kama kawaida. Nani anampigia mwizi kengele kumwonyesha askari amekaa wapi?"

"Kweli kabisa!" sauti zikaitikia. Mtu mmoja akapiga meza.

"Mimi nabeba maziwa, napita pale kila alfajiri," Gethin alisema taratibu. "Dereva akiona kitu cha njano mbele, mguu wenyewe unaachia mafuta. Kamera ya kujificha inamnasa akishapita. Barua ya faini inamkuta kwao, anakunywa chai yake. Pale konani imemsaidia nani?"

"Imemfundisha adabu!"

"Na yule aliyekuwa anavuka barabara, Heledd?"

Heledd akachukua koti lake akatoka.

Gethin alimkuta nje, ameegemea ukuta wa kanisa. Ilikuwa saa tisa alasiri, lakini mlima ulishaanza kumezwa na ukungu.

"Umesimama mbele ya kijiji kizima kumtetea aliyemuua mdogo wangu."

"Sijamtetea mtu."

"Unaogopa kupigwa tochi, ndiyo maana! Unailinda leseni yako."

"Mpenzi, nisikilize. Kuna mambo siwezi kukueleza sasa hivi."

Heledd akamkazia macho.

"Mambo gani?"

Gethin aligeuza uso. Alitazama chini bondeni, upande wa kona, kisha akatazama saa yake kama mtu anayechelewa mahali.

"Mambo gani, Gethin?"

"Nipe siku chache tu."

"Chukua hata mwaka. Harusi ya Pasaka tuiache kwanza."

Akaondoka bila kugeuka.

* * *

Nyumba ya kina Heledd ilikuwa juu kidogo ya barabara, dirisha la jikoni likiangalia kona. Mama yake, Gwenllian, alikuwa amekaa pale pale anapokaa siku zote, kikombe mkononi. Tangu msiba alikuwa mtu wa maneno machache. Sokoni haendi, kanisani haendi. Heledd ndiye aliyenunua, aliyepika, aliyejibu simu.

Ghafla, chini kule nyuma ya ua, mwanga mweupe ukapiga ndani ya ukungu. Haukuwa na sauti. Ulipiga mara mbili, ukazimika.

"Amenaswa mwingine," Heledd alisema kwa kuridhika. "Na wanaswe wote."

Mama alitua kikombe ghafla, chai ikamwagikia kitambaa.

"Umeungua, Mama?"

"Hapana."

"Nimegombana na Gethin."

Mama alimtazama kwa muda mrefu, midomo ikifunguka kama anayetaka kusema. Kisha akarudisha macho dirishani.

* * *

Wiki iliyofuata, kwenye duka la dawa mjini ambako Heledd alifanya kazi, Bi Prydderch aliingia kuchukua dawa yake ya presha. Huyu bibi alikuwa na nyumba mkabala na kona, na hakuna kilichompita. Alikuja na habari zake, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejaribu kunong'ona akashindwa.

"Dereva wa basi amemwona tena," alimwambia mwenzake aliyesimama naye kwenye foleni. "Msichana. Amesimama kando ya barabara kwenye ukungu, koti la njano, kofia imefunika uso. Basi limepunguza mwendo, kutazama nyuma, hakuna mtu!"

"Usiniambie."

"Na mwana wa Idwal naye kamwona. Breki zilimlilia, siku nzima hakula. Watu wanasema ni…"

Mwenzake akamkanyaga mguu. Bi Prydderch akainua macho, akamwona Heledd nyuma ya kaunta.

"Ewe mwanangu! Sikukuona."

"Koti la njano?" Heledd aliuliza.

"Maneno ya watu tu, mwanangu."

Lakini Heledd alishasikia. Mared alikuwa na koti la mvua la njano, kali kama maua ya masika. Siku ya kufa kwake hakulivaa. Alikuwa amenunua jipya, jeusi, akasema lile la njano linamfanya aonekane mtoto wa shule. Polisi waliandika kwamba mavazi meusi yalichangia asionekane.

Jioni hiyo Heledd alipanda ngazi hadi chumba ambacho hakuna aliyekifungua tangu maziko. Alishika kitasa. Hakikuwa na vumbi.

Koti lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango. Akaligusa, mkono ukarudi wenyewe.

Lilikuwa limelowa.

Maji yalikuwa yakidondoka kwenye zulia, tone, tone. Kwenye pindo kulikuwa na tope bichi na majani mawili ya mchongoma. Heledd alirudi kinyumenyume hadi mgongo ukagonga ukuta wa ukumbi. Akashuka ngazi mbio.

"Mama! Nani ameingia chumba cha Mared?"

Mama hakugeuka kutoka dirishani.

"Chumba ni cha Mared. Aingie nani mwingine?"

"Mama, koti limelowa!"

"Nje kuna mvua, mwanangu," mama alijibu, kwa upole kabisa, kana kwamba hilo lilitosha.

Usiku huo Heledd alilala na taa inawaka. Alichukua simu apigie Gethin, akaiweka. Akaichukua tena, akaandika: "Naogopa." Akafuta kabla ya kutuma.

* * *

Siku ya tatu, alasiri, simu ilitikisika mfukoni mwake kazini. Ujumbe wa Bi Prydderch.

"Heledd mwanangu mimi si mtu wa umbea unanijua. Gari la Gethin lipo tena pale geti la shamba konani. Yuko na mwanamke, naona vivuli tu kwenye ukungu. Jana pia walikuwepo na juzi. Amemshika mkono. Nimeona bora ujue kuliko uje uchekwe."

Heledd alisoma mara mbili. Damu ikampanda kichwani. Kumbe ndiyo "mambo siwezi kukueleza"! Kumbe ndiyo alikuwa anatazama saa! Na mahali alipopachagua, katika dunia nzima, ni pale mdogo wake alipofia?

Akapiga simu. Iliita muda mrefu.

"Haloo, mpenzi."

"Uko wapi?"

"Niko… niko nyumbani. Nimejilaza kidogo."

Nyuma ya sauti yake gari lilipita, shhhhh, juu ya lami yenye maji. Kisha sauti ya mwanamke ikanong'ona, chini sana, kama mtu anayezungumza na mtoto aliyelala: "Mwingine anakuja."

"Nani huyo, Gethin?"

"Hakuna mtu. Heledd, nitakupigia."

Simu ikakatika.

Hakuaga hata mwajiri wake. Alitupa koti jeupe la kazi juu ya kiti, akachukua funguo, akatoka.

Alivyozidi kupanda mlima ndivyo ukungu ulivyozidi kuwa mzito. Kondoo walionekana pembeni kama mawe, kisha mawe yakaonekana kama kondoo. Heledd alikuwa analia huku anaendesha. Alikuwa anapanga maneno atakayomwambia Gethin, na yale atakayomwambia huyo mwanamke wake, na kila neno jipya lilikandamiza mguu wake chini zaidi. Barabara ile aliijua tangu utotoni. Alijua kona iko wapi. Au alidhani anajua, maana ukungu ulikuwa umefuta nguzo, geti, kila alama.

Mwanga mweupe ukapiga. Mara mbili, bila sauti, ukijaza gari lote.

Kabla akili yake haijaelewa kuwa aliyenaswa ni yeye, alishapita. Na mbele yake, katikati kabisa ya barabara, kulikuwa na koti la njano.

Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari liliserereka, likazunguka upande, likagonga nyasi za ukingo, likasimama na kuzimika. Kimya. Hata ndege hakusikika.

Heledd alifungua mlango, akashuka. Barabara ilikuwa tupu.

"Mared?" aliita. Sauti yake ilimtoka ndogo, ya kitoto. "Mared, ni wewe?"

Kitu kikasogea ndani ya ukungu, upande wa shamba. Njano. Kofia imefunika uso. Kilimjia polepole kikiburuta miguu kwenye nyasi, na nyuma yake kivuli kirefu cha mwanamume.

Heledd alitaka kukimbia, akashindwa. Mkono mwembamba ukatoka kwenye mkono wa koti, ukarudisha kofia nyuma.

Alikuwa mama yake.

* * *

"Umeumia?" Gethin alimfikia wa kwanza, akamshika mabega. "Heledd! Nitazame. Umeumia?"

"Mama," Heledd alisema. "Mama. Mama, unafanya nini hapa?"

Gwenllian alikuwa amelowa, nywele nyeupe zimeganda kwenye paji la uso. Lakini macho yake yalikuwa macho ya mtu aliye hai, zaidi ya vile Heledd alivyoyaona kwa mwaka mzima.

"Nasimama ili wanione," alisema.

"Nani wakuone?"

"Wanaokuja. Wakiona njano, wanapunguza. Wote wanapunguza, mwanangu. Hata wewe umepunguza."

Heledd akamgeukia Gethin.

"Wewe ulijua?"

"Tangu mwezi uliopita. Nilikuwa narudi kutoka kupeleka maziwa kiwandani, kidogo nimgonge. Nikampeleka nyumbani, nikamsihi asirudi. Kesho yake nikamkuta tena. Basi nikaona kama hawezi kuacha, asiwe peke yake. Naegesha gari getini, namshika mkono ili asiingie barabarani."

"Na mimi ukanificha? Ukanidanganya kwenye simu, mama yangu akiwa pembeni yako?"

"Mimi ndiye niliyemwapisha," Gwenllian alisema. "Ungejua, ungenifungia ndani. Ungeniitia daktari. Kweli si kweli?"

Heledd akainamisha kichwa, maana ilikuwa kweli.

"Na kule kwenye mkutano," Gethin aliendelea, "nilisimama kwa sababu mama aliniahidi. Alisema siku ile kamera itakapoonekana, yeye ataenda nyumbani akae. Ningekwambiaje mbele ya watu? Nilishaapa."

"Mama, kwa nini hukuniambia mimi? Ile kamera niliiweka kwa ajili ya Mared!"

Gwenllian alimshika binti yake uso kwa mikono yote miwili. Ilikuwa ya baridi kama chuma.

"Uliiweka uwaadhibu. Nakuelewa, na mimi niliwachukia. Lakini wewe uko kazini, mimi ndiye ninayekaa dirishani. Kila mwanga ule ukipiga, najua kuna mtu amepita pale alipokuwa mwanangu kwa mwendo ule ule. Ameshapita, Heledd. Hakuna kilichomzuia. Nilikuwa nakaa na kikombe changu, namwona Mared akifa, tena na tena, na wewe pembeni unafurahi. Mpaka siku moja sikuweza. Nikalichukua koti."

Heledd alipiga magoti kwenye lami, akakumbatia miguu ya mama yake, akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya maziko.

"Ningekuua," alisema. "Nilikuwa nimekasirika, sikuona kamera, sikuona kona. Kama usingesimama pale katikati ya barabara ningepita moja kwa moja, ningewaua wote wawili hapo getini."

Gethin akakunja uso.

"Katikati ya barabara?"

"Ndiyo. Alikuwa mbele yangu kabisa. Ndiyo maana nikakanyaga breki."

"Heledd," Gethin alisema polepole, "mama hakuwa barabarani. Tulisikia gari linakuja kwa kasi, nikamvutia ndani ya shamba. Tulikuwa nyuma ya geti. Nilikuwa nimemkumbatia kwa mikono yangu yote miwili."

Wote watatu wakatazama barabara. Alama za matairi zilianza kwenye kona, zikajipinda, zikaishia kwenye nyasi. Mbele ya mahali zilipojipindia hapakuwa na kitu ila ukungu unaosogea taratibu.

"Nilimwona," Heledd alisema. "Sikuota. Koti la njano."

"Najua," mama yake akajibu. Akavua koti, akamfunika nalo binti yake mabega. "Twendeni nyumbani. Unatetemeka."

* * *

Mkutano wa pili haukuchukua muda. Heledd alisimama mbele ya watu wale wale, mkono wake ndani ya mkono wa Gethin.

"Faini yangu iko njiani," alisema. "Kamera imeninasa mwenyewe."

Watu wakacheka kidogo, kwa mashaka.

"Imeninasa, lakini haikunisimamisha. Ningeua mtu, na picha ningetumiwa nyumbani. Naomba itolewe nyuma ya ua. Ipakwe rangi ya njano, na bango liwekwe kabla ya kona. Anayetaka kukimbia akishaipita, huyo tumtafutie dawa nyingine. Lakini pale, apite polepole."

Mzee Idwal akakohoa.

"Kwa hiyo binti yangu unaungana na Gethin?"

"Naungana naye. Kwa hili," Heledd alisema, akamtazama mchumba wake kwa jicho kali. "Kuhusu kunidanganya kwenye simu, bado tunaongea."

"Ongeeni tu, mwanangu!" Bi Prydderch akapaza sauti kutoka nyuma. "Mimi nilisema mwanamke, sikusema mwanamke gani!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Gethin akajiinamia, masikio yamewiva. Nje, kwenye ukuta ule ule wa kanisa, Heledd akamwambia:

"Sikiliza. Hata kama ni mama yangu amekuapisha. Hata kama unaniogopa. Unaniambia."

"Nitakuambia."

"Na mimi niliandika ujumbe usiku ule kwamba naogopa, nikaufuta. Na mimi sikukuambia."

"Basi sasa niambie."

"Naogopa, Gethin. Bado naogopa."

Akamvuta kifuani, wakasimama hivyo mpaka watu wakaanza kutoka na kujifanya hawawaoni.

* * *

Walifunga ndoa Jumamosi baada ya Pasaka. Asubuhi ilikuwa na jua, kisha, kama kawaida ya huku milimani, ukungu ukashuka wakati wa kutoka kanisani. Gethin aliendesha mwenyewe, bibi harusi pembeni, mama mkwe nyuma na kofia yake ya buluu. Ukumbini mchuzi wa kondoo na mkate wa zabibu vilikuwa vinawasubiri.

Walipokaribia kona, Gwenllian alimgusa Gethin bega.

"Simama kidogo, mwanangu."

Gethin akaegesha getini. Heledd alitaka kushuka naye, mama akamzuia kwa kidole.

"Nguo yako italowa. Kaa na mumeo."

Alishuka peke yake, akatembea hadi ukingoni, akasimama na mkoba wake mikononi. Mbele yake kamera ilikuwa wazi juu ya nguzo, ya njano iliyokolea, inaonekana hata ndani ya ukungu ule. Wakasubiri. Heledd alikuwa ameshika mkono wa Gethin mpaka vidole vikafa ganzi.

Mngurumo ukasikika kwa mbali, ukakua. Gari lilikuwa linakuja kwa kasi. Taa zake zikatokea, zikapanuka. Kisha mngurumo ukashuka, ukashuka zaidi, na gari likapita mbele ya Gwenllian kwa mwendo wa mtu anayetafuta namba ya nyumba. Mwanga haukupiga.

Gwenllian alibaki amesimama, akilisindikiza gari kwa macho hadi likapotea. Halafu akageuka upande wake wa kushoto, ambako hapakuwa na mtu, akainamisha kichwa kidogo kama anayesikiliza.

"Ameona, Mared," alisema.

Akarudi kwenye gari, akafunga mlango, akaweka sawa kofia yake.

"Haya twendeni," alisema. "Watu wana njaa."